Elimu ya Wanadamu: Toka Fuvu la Lusinga Hata Maneno ya Wazee

Kuna neno moja ambalo vijana wetu wanaoingia universite hulileta nyumbani, na wazazi wao hawajui walipokeeje. Neno lenyewe ni antropolojia. Latoka katika Kigiriki: anthropos ni mtu, logos ni neno au elimu. Ni elimu ya wanadamu basi: miili yao, lugha zao, kazi za mikono yao, ndoa zao, ibada zao, utawala wao, mambo yao ya kale na ya leo. Baba akisikia kwamba mwanawe ataka kutumia miaka mingi kwa masomo hayo, humwuliza maswali mawili. La kwanza: itampa kazi gani? La pili ni zito zaidi: je, si ile kazi ya Wazungu waliokuja kutuandika kama wanyama wa porini? Swali la kwanza twawaachia wanaohesabu mishahara. La pili twataka kulijibu sisi, nalo halijibiwi vema ila kwa historia.

Tuanze karibu, huko Mpala, kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1876 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikusanya wasafiri na wataalamu mjini Bruxelles, wakaanzisha Shirika la Kimataifa la Afrika. Mwaka 1879 watu wa shirika hilo walijenga kituo Karema, ng'ambo ya mashariki. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms akavuka ziwa, akafanya undugu wa damu na mkubwa wa mahali pale, jina lake Mpala, akajenga boma. Wenyeji wakamwita Bwana Boma. Basi katika milima ya nchi ile alikuwako sultani mwingine, Lusinga lwa Ng'ombe, mwenye bunduki na wafuasi wengi, aliyekamata watu na kuwauza utumwani. Msafiri Joseph Thomson alikuwa amepita kwake mwaka 1879. Hatutaki kumpamba Lusinga. Vijiji vingi vililia kwa ajili yake. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja. Tarehe 4 Desemba 1884 rugaruga wa Storms walimwendea Lusinga kwake, wakamwua, wakamkata kichwa, wakakipeleka Mpala.

Hayo yalikuwa mambo ya vita, na vita vya siku zile vilikuwa vikali pande zote. Yaliyofuata ndiyo yanayohusu habari yetu. Storms alikiweka kichwa kile katika mkusanyo wake wa vitu, pamoja na vichwa vya wakubwa wengine wawili, na pamoja na sanamu kubwa ya mti, sanamu ya wahenga wa Lusinga. Mwaka 1885 alirudi kwao Ulaya, na boma la Mpala likakabidhiwa Mapadri Weupe. Mjini Bruxelles kilikuwako chama cha antropolojia, kilichoanzishwa mwaka 1882. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé, mtu wa chama hicho, aliyapima mafuvu yale kwa vyombo vyake: urefu, upana, taya, paji la uso. Akaandika hesabu yake, ikachapwa.

Kwa nini kupima? Kwa sababu wataalamu wengi wa siku zile walisadiki kwamba umbo la fuvu laonyesha akili ya mtu na tabia yake, tena kwamba mataifa yaweza kupangwa kama ngazi, wengine juu, wengine chini. Wao wenyewe walijiweka juu, jambo ambalo halimshangazi mtu. Tazameni ajabu yake: watu waliotaka kumjua Lusinga hawakumwuliza mtu yeyote aliyemjua. Hawakusikia lugha yake. Walikuwa na mfupa na rula.

Baba yule aulizaye swali la pili, basi, anasema kweli. Elimu hii ilianza hivyo, si kwetu tu, bali mahali pengi duniani. Mwanafunzi asiyeelezwa hayo tangu mwaka wa kwanza amedanganywa.

Lakini historia haikukoma hapo. Rula ile ilivunjwa na mtu aliyeishika mwenyewe. Franz Boas alizaliwa Ujerumani mwaka 1858. Mwaka 1883 alikwenda kukaa mwaka mmoja na Waeskimo katika nchi ya barafu, kaskazini mwa Kanada. Baadaye akahamia Marekani, akawa mwalimu katika Universite ya Columbia, New York. Tusifiche neno: Boas naye katika ujana wake alichimba makaburi ya Wahindi wa Marekani, akauza mafuvu. Hata hivyo alikuwa mtu wa kutaka uhakika. Toka mwaka 1908 alipima vichwa vya wahamiaji waliotoka Ulaya na vya watoto wao, jumla karibu watu 18,000. Akaona kwamba watoto waliozaliwa Marekani hawakuwa na umbo lile lile la kichwa kama wazazi wao. Lilibadilika kwa kizazi kimoja tu, kwa ajili ya mahali na maisha. Kama ni hivyo, umbo la kichwa si muhuri wa kabila, wala haliwezi kuwa kipimo cha akili. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1911, na wengi hawakuipenda.

Boas ndiye pia aliyewafundisha wanafunzi wake kuyashika matawi manne pamoja: mwili, mambo ya kale yaliyofukiwa ardhini, lugha, na desturi za watu. Universite za Marekani zafuata mpango huo hata leo. Waingereza walikazia zaidi tawi la jamaa na utawala, nao Wafaransa waliliita somo lao etnolojia, wakalifungulia taasisi mjini Paris mwaka 1925. Mwanafunzi asishangae akiona majina mbalimbali juu ya milango. Ndani ya vyumba watu huazimana vitabu.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana hapa ndipo palipo na mali nyingi. Mtaalamu wa elimu hii afanya nini? Kwanza aenda akakae. Mtu anayetajwa sana kwa njia hiyo ni Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1884. Vita vya 1914 vilimkuta upande wa Australia, naye kwa kuwa raia wa Austria alihesabiwa kuwa mtu wa adui. Wakamwacha aendelee na uchunguzi. Kati ya 1915 na 1918 akakaa muda mrefu katika visiwa vya Trobriand, karibu na Guinea Mpya, akapiga hema katikati ya kijiji, akajifunza lugha, akazungumza bila mkalimani. Huko aliona jambo ambalo wageni waliokuwa wakipita tu hawakulielewa: watu walisafiri kwa mitumbwi katika bahari ya hatari, toka kisiwa hata kisiwa, ili kupeana shanga nyekundu za kome na bangili nyeupe. Shanga zilizunguka upande mmoja, bangili upande wa pili, wala hakuna aliyekaa nazo siku zote. Mfanyabiashara wa Kizungu angecheka: faida iko wapi? Malinowski alionyesha kwamba faida ilikuwamo katika urafiki, heshima na amani kati ya visiwa. Msomaji aliyepeleka mbuzi wa mahari, au aliyepokea kuku asiyewezekana kuliwa bila kurudishiwa mwingine, ataelewa upesi kuliko mwanafunzi wa London.

Katika kitabu chake cha mwaka 1922 Malinowski aliandika kwamba mtafiti ana mambo matatu ya kukusanya. La kwanza ni taratibu za watu: nani amwoe nani, nani arithi nini, shamba lagawanywaje. La pili ni mambo madogo ya kila siku, yasiyomo katika sheria yoyote: namna watu wanavyosalimiana, wanavyogombana jikoni, wanavyochezea watoto, nani anyamaza mkubwa akiingia. La tatu ni maneno ya watu wenyewe, yaandikwe kwa lugha yao kama walivyoyasema, si kama mwandishi angependa. Kwetu sisi hili la pili ndilo gumu kuliko yote, maana aliyezaliwa mahali haoni tena mambo madogo ya kwao. Samaki hana habari ya maji. Ndiyo sababu mwanafunzi wetu akitumwa kuchunguza kijiji chake mwenyewe hurudi mara nyingine na kurasa tatu tu, akisema kwamba hakuna jambo.

Lakini kukaa pamoja na watu si dawa ya yote. Mwaka 1967, baada ya Malinowski kufa, daftari yake ya siri ilichapwa, na ndani yake mna maneno ya dharau na ya hasira juu ya watu waliomkaribisha. Kitabu kizuri na moyo mwembamba vyaweza kukaa katika hema moja.

Njia ya pili ni kuuliza nasaba. Mwaka 1898 daktari Mwingereza, W. H. R. Rivers, alisafiri na wenzake hata visiwa vya mlango wa bahari wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya. Aligundua kwamba akiuliza kwa maneno machache tu, baba, mama, mtoto, mume, mke, akamtaka mtu ataje majina, aweza kuchora jamaa yote ya kijiji katika karatasi, na ndani ya mchoro ule sheria za ndoa na za urithi huonekana zenyewe. Jambo hili twalijua kwa vinywa vyetu. Mtoto wetu amwita ndugu ya babaye baba mkubwa au baba mdogo, na Mzungu wa kwanza akaandika kwamba Waafrika hawajui baba zao ni nani! Wanajua sana, neno moja labeba kazi nyingi. Tena kati ya Watabwa wa Marungu ukoo hupita upande wa mama, na mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake. Afisa wa serikali aliyekuwa akiandika mtoto wa sultani kuwa mrithi, kama ilivyo Ulaya, aliweza kuleta ugomvi mahali pasipokuwa na ugomvi.

Hapo twaona kwamba elimu hii si mchezo wa vitabuni. Kesi za mashamba, za urithi, za ndoa, huamuliwa vibaya na yule asiyejua kuuliza.

Tutaje pia mfano wa Wazande, walio kwetu Kongo katika nchi ya Uele, na ng'ambo ya mpaka, Sudani ya Kusini na Afrika ya Kati. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alikwenda kwao mara kadhaa toka mwaka 1926, upande wa Sudani, akatoa kitabu juu ya uchawi na maaguzi mwaka 1937. Asimulia habari ya ghala la nafaka. Ghala husimama juu ya miti, na watu hukaa chini yake kwa kutafuta kivuli. Siku moja laanguka, laumiza watu. Mzande ajua vema kwamba mchwa wamekula miti. Hana haja ya kufundishwa hilo. Anachouliza ni kingine: kwa nini limeanguka saa ile ile, watu wale wale walipokuwa chini yake? Sisi husema bahati mbaya, yeye hutaja uchawi. Evans-Pritchard hakusema kwamba Wazande wana haki, wala hakuwacheka. Alionyesha kwamba wana akili inayofuata njia yake hatua kwa hatua, na kwamba mwenye kutaka kusema nao lazima ajue ni swali gani hasa wanalouliza. Sisi walimu wa dini twajua jambo hili kwa taabu. Mara ngapi tumejibu habari ya mchwa mahali tulipoulizwa habari ya saa?

Turudi katika milima ya Marungu. Karibu mwaka 1886, yaani wakati ule ule mafuvu yalipokuwa yakipimwa Bruxelles, alizaliwa huko mtoto wa Kitabwa, Stefano Kaoze. Alisoma katika seminari za Mapadri Weupe, na tarehe 21 Julai 1917 akapewa daraja la upadri, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu. Hayo yanajulikana na wengi. Jambo lisilokumbukwa sana ni hili: akingali mseminari, mwaka 1910 na 1911, maandiko yake yalichapwa katika gazeti la La Revue congolaise, kwa Kifaransa, juu ya roho na akili ya Wabantu. Ndani yake alieleza jinsi watu wake wanavyofahamu na wanavyotaka. Yahesabiwa kuwa maandiko ya kwanza ya Mkongomani kuchapwa kwa lugha ile. Baadaye alikusanya pia habari za koo na za wasultani wa nchi yake. Alifariki mwaka 1951.

Wasomaji, linganisheni. Miaka 25 baada ya Houzé, mtu wa nchi ile ile anashika kalamu na kusema: hivi ndivyo tunavyofikiri. Maandiko yake yana alama za shule aliyosomea, na mahali pengine yafuata mno mpango wa waalimu wake wa filosofia. Hata hivyo aliwaandika watu aliojua majina yao. Kwa maoni yetu historia ya antropolojia katika Kongo ianzie kwake, ingawa vitabu vingi huanza kwa wageni.

Tawi la mambo ya kale nalo limetupa mengi. Katika bonde la Upemba, Katanga, kando ya ziwa Kisale, kuna mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 na 1958 makaburi mengi yalichimbuliwa huko, na katika miaka ya 1970 wachimbaji wakaendelea huko na mahali jirani. Walikuta vyungu vizuri, mapambo ya shaba, vyombo vya chuma, pembe za ndovu, na misalaba midogo ya shaba ambayo nyakati za nyuma zaidi ilikuwa kama fedha. Makaburi mengine yapita miaka 1000. Mahali paitwapo Kamilamba palionekana shoka la heshima na fuawe ya chuma, alama zile zile ambazo masultani wa Kiluba walizitumia karne nyingi baadaye. Mtu akikuambia kwamba kabla ya Wazungu hapakuwa na historia, mpeleke Sanga.

Na pasipo makaburi, kuna vinywa. Jan Vansina, Mbelgiji aliyesoma historia ya kale ya Ulaya huko Leuven, alitumwa kwa Wakuba wa Kasai mwaka 1952. Waalimu wake wengi waliamini kwamba pasipo maandiko hakuna historia. Yeye aliona kwamba masimulizi ya wazee yaweza kupimwa kama barua za kale zinavyopimwa: nani amesema, alisikia kwa nani, ana faida gani kusema hivyo, na kijiji cha pili husemaje? Aliwafundisha vijana wa Kikuba waende vijijini kuandika. Masimulizi fulani yalitaja jua kupatwa wakati wa mfalme mmoja wa kale. Wanafalaki wakahesabu, wakakuta kupatwa kwa jua mwaka 1680. Kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo kilitoka mwaka 1961, nacho chasomwa mpaka leo. Tuseme pia kwamba wazee nao husahau, hupanga, hupendelea ukoo wao. Ndiyo maana ya kupima. Anayeandika kila neno la mzee kama Injili si mtafiti, ni karani.

Mwaka 1966 alifika Katanga Johannes Fabian, Mjerumani, kuchunguza Jamaa, ule mwungano wa wakristu ulioanzishwa na Padri Placide Tempels. Baadaye alifundisha huko Lubumbashi. Alijifunza Kiswahili cha wafanyakazi wa migodi, akakipa heshima ya kuandikwa katika vitabu vya elimu. Mwaka 1990 alitangaza, pamoja na maelezo yake, kitabu cha historia ya mji wa Elisabethville ambacho wafanyakazi wa nyumbani wa zamani, wapishi na maboi, walikuwa wamekiandika kwa Kiswahili mwaka 1965 kwa mkono wa mwenzao André Yav. Fabian ndiye aliyewashitaki wenzake mwaka 1983 kwa neno kali: mtafiti akiwa kijijini husema na watu, hula nao, hucheka nao wakati mmoja, akirudi kwao huwaandika kana kwamba waishi katika zamani za mbali. Twaona shitaka hilo ni la haki, tena lawapasa pia wasomi wetu wa mjini wanapoandika juu ya babu zao walio hai.

Mwanafunzi wa leo husoma haya yote, kisha hutumwa. Kabla ya kuuliza swali lolote yampasa aeleze yeye ni nani, ataka nini, na maneno ya watu yatakwenda wapi. Na mtu akikataa, amekataa. Jina la aliyemwamini hulificha. Shule nyingi za zamani hazikudai hivyo.

Katikati ya miaka ya 1970 Mwamerika Allen Roberts alikaa Lubanda, kijiji cha Mpala yenyewe, kwa Watabwa. Huko aliwasikia wazee wakisimulia habari ya Bwana Boma na Lusinga, zaidi ya miaka 80 baada ya vita vile. Katika kitabu cha mwaka 2013 aliweka daftari za Storms upande mmoja na masimulizi ya wenyeji upande wa pili. Katika daftari, Storms ndiye mwenye kuamuru yote. Katika vinywa vya wazee, wakubwa wa nchi nao wana akili zao: walimtumia mgeni yule na bunduki zake kwa mashindano yaliyokuwako kabla hajafika. Habari ni moja, na hakuna upande unaotosha peke yake.

Sanamu ya Lusinga iliingia katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles, watu wakaitazama kwa uzuri wake. Mafuvu nayo yalitolewa na mjane wa Storms kwa jumba hilo, na mwaka 1964 yakahamishwa kwenye Taasisi ya Sayansi ya Viumbe, mjini Bruxelles. Mwaka 2018, mwandishi mmoja wa magazeti wa Ubelgiji aliyatafuta, akaonyeshwa kwamba bado yako ndani ya masanduku yao. Ndipo raia wengi wa Ubelgiji waliposikia kwa mara ya kwanza jina la Lusinga, ambalo watoto wa Lubanda walikuwa wakilisikia jioni, penye moto.